Tenori Aliyeomba Kimya

Yule mzee alinifukuza kazi kwa sababu ya furaha ya ndugu zangu. Nimejaribu kulieleza jambo hili kwa upole, na kila nikijaribu upole unanishinda. Kwa hiyo nitalieleza na hasira zangu zilezile. Anayetaka upole atafute msimulizi mwingine.

Alikuwa Mwitaliano, mwimbaji wa opera wa zamani, tenori, yaani ile sauti ya juu ya kiume ambayo kwenye kwaya zetu wanakuwa nayo watu wachache na wote hawaelewani. Nilipompata, mwaka 2017, alikuwa ameshavuka themanini na akiishi Katy, nje kidogo ya Houston, kwa binti yake, kwenye nyumba mpya yenye vyumba ambavyo hakuna aliyewahi kulala ndani yake. Mimi nilikuwa nakaa Sharpstown, Houston penyewe, kwenye jengo ambalo ukikaanga dagaa jirani wa juu anajua unakula nini. Asubuhi foleni, jioni foleni, katikati mzee.

Nyumbani nilikuwa nesi wa wodi ya wazazi. Huku cheti changu kilisomwa kwa adabu kikarudishwa kwenye bahasha. Watanzania wa huku kazi zetu zote tunaziita kubeba boksi, hata kama boksi lenyewe ni mzee wa Kiitaliano anayetaka maji ya kunywa yasiwe ya moto wala ya baridi. Kampuni ya walezi iliniambia ni mtu mgumu na kwamba walionitangulia walikimbia. Nikasema nimezalisha wanawake wakiwa wananing'ata mikono, mzee mmoja atanifanya nini.

Siku ya kwanza nilimkuta jikoni amejifunga skafu shingoni, na joto la Houston mnalijua. Nikamsalimu. Akaweka kidole mdomoni, akatikisa kichwa. Nikamsalimu tena kwa sauti zaidi, maana niliona vifaa vya kusikilizia masikioni mwake. Akatikisa kichwa tena, hakutoa neno. Unesi ukanipanda: nikamshika kidevu, nikamgeuza uso kwenye mwanga, nikaangalia kama mdomo umepinda, nikamwambia anyanyue mikono yote miwili. Alinyanyua. Alitii kila kitu kwa macho ya mshangao, mpaka binti yake aliposhuka ngazi na kuniambia baba hana kiharusi, baba anapumzisha sauti. Hasemi na mtu asubuhi mpaka sauti iamke yenyewe.

Hapo mzee akacheka, na kicheko chake kikajaza jiko. Tangu siku hiyo tulielewana.

Sauti ikishaamka alikaa kwenye piano sebuleni akaanza kupanda na kushuka, aa-aa-aa, kama mtu anayejaribu ngazi kabla ya kuipanda kweli. Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi zake za ofisi huko juu, alifunga mlango. Mimi nilikuwa nakunja nguo na kusikiliza. Nimeimba kwaya tangu nikiwa msichana, kwa hiyo masikio ninayo. Sauti yake ilikuwa imechakaa katikati kama mkeka wa mlangoni, ila pembeni ilikuwa bado nzima. Siku nyingine ilikuwa nzuri mpaka naacha kukunja. Siku nyingine ilikwaruza. Akimaliza, nilisema, "Vizuri sana, Maestro." Alipenda kuitwa hivyo.

Nilisema vizuri sana siku zote. Ndivyo nilivyolelewa. Mzee akikohoa unampa pole, akimaliza jambo unampa hongera. Hongera ya kula, hongera ya kuoga, hongera ya kutembea mpaka sanduku la barua na kurudi. Kwetu huo si uongo, ni adabu, na mpaka leo mtu akiniambia ni uongo tutakosana.

Maisha yake alinisimulia vipande vipande, miguu yake ikiwa ndani ya beseni. Alizaliwa kwenye mji mdogo wa milimani. Baba yake alijenga kuta za mawe, mama yake alifua kanzu za mapadri. Padri mmoja alimsikia kanisani, akamtafutia mwalimu mjini, na huko mjini mchana aliuza viatu na jioni alisoma kuimba. Ukutani kwake kulikuwa na picha nyingi za jukwaani, watu wenye mataji na mapanga, naye yumo kwenye zote. Nilidhani alikuwa nyota. Nikamsifia mbele ya binti yake kwamba baba yako alikuwa mtu mkubwa.

"Angalia vizuri," mzee akaniambia. "Niko wapi?"

Nikaangalia. Kwenye kila picha alikuwa pembeni.

Kazi yake, alisema, ilikuwa kuingia, kutangaza kwamba mfalme amefika, na kutoka. Na zaidi ya hiyo alikuwa na kazi nyingine ambayo sikuwahi kuisikia. Jumba la opera haliwezi kumtegemea nyota mmoja, maana koo ni nyama, linauma kama nyama nyingine. Kwa hiyo huwekwa mtu anayejua kila neno la nyota. Ananyolewa, anavishwa, anakaa kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa kusubiri kama nyota ataugua.

"Kwa hiyo ulilipwa kumwombea mwenzio augue?" nikamuuliza.

"Mbele za watu nilimwombea asiugue," alisema. "Peke yangu niliomba nilichoomba."

Aliishi hivyo miaka na miaka, mpaka usiku mmoja nyota akaugua kweli. Wakamsukuma jukwaani. Akaimba sehemu ya kwanza, akaimba ya pili, watu wakampigia makofi. Wakati wa mapumziko nyota akafika na teksi. Alikuwa amechomwa sindano, anajisikia nafuu. Wakamvua mzee koti la jukwaani, likiwa na jasho lake, wakamvisha nyota. Na wimbo ambao watu hukatia tiketi, ule wa mtu anayeomba asisahaulike, uko sehemu ya mwisho. Mzee alisimama nyuma ya mapazia na fulana yake ya ndani, akausikiliza ukiimbwa na mwingine. Hawakumwita tena. Baadaye alikuja Texas na kikundi kidogo, wakaimba Dallas, wakaimba Houston, akampata mke wa hapa na kazi ya kufundisha vijana chuoni, vijana ambao, kwa maneno yake, walikuwa na meno mazuri kuliko sauti. Mke akafa. Akahamia Katy.

Alichokitaka hakikuwa siri. Alitaka kuuimba wimbo ule mara moja mbele ya watu mpaka mwisho, pamoja na ile noti ya juu inayokuja karibu na mwisho, halafu asikie kimya.

"Makofi je?" nikamuuliza.

"Makofi hata mbwa wa sarakasi anapigiwa. Nataka kile kimya kidogo kinachotangulia makofi. Hapo ndipo unajua."

Binti yake hakutaka hata kusikia. Alisema moyo wa baba hauruhusu, tena akasema, mbele yake, kwamba hakuna mtu aliyeomba kuimbiwa. Waitaliano wenzake wa mjini walimpa kiti cha mbele kwenye chakula chao cha mwaka na wakamwomba asimame apungiwe mikono. Alirudi akiwa amenuna, akakataa kula kwa siku nzima, nami nikamchukia kila Mwitaliano wa Houston bila kumjua hata mmoja.

Mwaka 2019 binti yangu alichumbiwa. Nyumba yangu ikawa ofisi ya kamati ya harusi, na mwenyekiti wake, bila mtu kumchagua, akawa dada yangu mkubwa wa Fort Worth. Yeye anafanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, na ndiye kiongozi wa akina mama kwenye kwaya ya huko, Warundi na Watanzania pamoja. Habari za harusi nilikuwa nazibeba mpaka Katy. Siku moja mzee akaniuliza, "Watu wako wanaimba?"

"Wanaimba mpaka wanalowa."

Kisha akaniomba. Mtu aliyewahi kuvaa koti la nyota, hata kama lilikuwa la kuazima, aliniomba mimi aimbe kwenye harusi ya mwanangu. Nilifurahi mpaka nikakosea njia ya kurudi nyumbani.

Kamati haikufurahi sana.

"Ataimba for how long huyo Mzungu?" dada aliuliza. "Maana keki tumei-plan saa kumi."

"Wimbo mmoja tu. Kabla ya keki."

"Mpiga kinanda amepewa key?"

"Ataimba bila kinanda."

"Bila kinanda! Maskini," akasema mama mmoja, kwa huruma kabisa.

Nikawaeleza. Nikawaambia mzee huyu ameusubiri wimbo huu tangu ujana wake, anachoomba ni kimya, msimpigie kitu chochote mpaka afunge mdomo. Dada akaniangalia kama nimewaambia waje bila viatu.

"Tunyamaze kama tuko msibani?"

"Hata msibani hatunyamazi," mwingine akamjibu, na ni kweli.

Lakini wakakubali. Dada mwenyewe alisema, "Sawa, nita-control watu wangu," na MC akaandikiwa kwenye ratiba kwamba mgeni akiimba ukumbi utulie. Nasisitiza hili kwa sababu baadaye nilisikia maneno kwamba sikuwaambia. Niliwaambia.

Ukumbi ulikuwa Sharpstown, nyuma ya duka la matairi. Nilimfuata mzee mimi mwenyewe, nikiwa na gauni langu la mama wa bibi harusi. Binti yake alikataa kuja. Mzee alikuwa amevaa koti jeusi lenye mkia, ametoa skafu, amenyoa mpaka kidevu kinang'aa, na njia nzima hakusema nami neno. Alipoitwa aliniomba nisimame nyuma yake na kumwekea kiganja mgongoni, asije akayumba. MC akasema kilichoandikwa, akaongeza na chake kwamba huyu ni mwimbaji maarufu duniani kote. Kisha ukumbi ukatulia. Harusi yetu, yenye watoto na wajomba na vinywaji, ikatulia mpaka ukasikia kiyoyozi.

Akaimba. Sijui Kiitaliano. Najua mtu anayeomba. Alianza chini, kwa ile sehemu iliyochakaa, na uchakavu wenyewe ukawa mzuri, kama vile wimbo ulitungiwa mtu mzee. Nikaona watu wameacha simu zao hewani bila kuziangalia. Nikaona akina mama wa Fort Worth wameziba midomo kwa mikono, nikadhani wanalia. Hawakuwa wanalia. Walikuwa wanajizuia.

Halafu akaanza kupanda kuelekea ile noti. Chini ya kiganja changu mbavu zilifunguka. Miguu ikatetemeka, mishipa ya shingo ikasimama, uso ukawa mwekundu, na kila mtu ukumbini aliona mzee anayejitwika mzigo mzito peke yake.

Sasa, kwetu mtu akinyanyua ndoo iliyojaa humsimamii ukamtazama. Unamsogelea, unamtwisha. Ukimwacha apambane mwenyewe huku umekunja mikono, wewe si mtu mzuri, na watu watalisema hilo. Kigelegele ni hivyohivyo. Hakisubiri wimbo uishe, kinakuja pale mwimbaji anapozidiwa, kumshika mkono. Dada yangu, aliyeahidi kuwazuia watu wake, alisimama wa kwanza. Ulimi wake ukatoka. Kwaya yote ya Fort Worth ikamfuata, halafu upande wa bwana harusi, ambao hawakutaka kushindwa. Mpiga kinanda akaipata key aliyonyimwa, akaingia nayo. MC akapiga kelele, "Mambo hayooo!" Mama mmoja akaja akicheza, akamfunika mzee kitenge mabegani, mwingine akamfuta jasho usoni.

Na katikati ya hayo yote noti ikatoka.

Mimi niliisikia. Sikio langu lilikuwa begani kwake na mkono wangu mgongoni. Alifika, na hakugusagusa. Alifika juu kabisa, akakaa hapo, sauti safi ya kijana, ikasimama muda ambao sikudhani pafu la umri ule linao. Kwenye maisha yangu sijawahi kuwa karibu na kitu kama kile isipokuwa mtoto anapotoka na kulia. Lakini vile vifaa vyake vya masikioni vilikuwa vimezidiwa na kelele, vikaanza kupiga filimbi. Nilimwona akivichomoa vyote viwili, mdomo bado wazi. Hakujisikia. Hakuna aliyemsikia, ila mimi.

Alitabasamu. Alizungushwa ukumbi mzima na kitenge chake akipepewa, akatabasamu kwa kila mtu, nami, mjinga, nikaamini amefurahi.

"Umeona tulivyom-support?" dada yangu akanipigia kelele sikioni. "Angeanguka yule!"

Nilimrudisha Katy jua likiwa bado juu kidogo. Alikuwa amekunja kitenge vizuri magotini. Tulipotoka kwenye barabara kubwa akarudisha vifaa vyake masikioni, kimoja kimoja.

"Nilifika?" akaniuliza.

"Ulifika, Maestro. Vizuri sana."

Akageuka akaniangalia muda mrefu. "Ndivyo ulivyoniambia jana nilipomaliza supu."

Nikaapa. Nikamwambia haki ya Mungu, kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Nikamwambia niliisikia kwa sikio na kwa mkono.

"Wiki iliyopita niliimba vibaya kwa makusudi," akasema. "Nilitaka kukusikia utasema nini. Ulisema vizuri sana." Hakuwa na ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. "Wale wengine hawakusikia. Mimi sikusikia. Wewe unasifu kila kitu. Sasa nimuulize nani?"

Hapo hasira zikanipanda nami. Nikamwambia watu wale walimpenda, walimpa heshima ambayo kwetu hupewa watu wachache, tena yeye ni Mzungu wasiyemjua.

"Niliomba kimya," akasema. "Sikuomba kupendwa."

Kesho yake kampuni ilinipigia simu kwamba mteja ameomba abadilishiwe mlezi. Hawakuniambia sababu. Nilimweleza dada, akacheka, akaniambia nisijali, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nikamwambia huyu ng'ombe amezuiwa, na chura mkubwa ni wewe. Hatukusemezana mpaka Krismasi.

Nilitafuta ushahidi. Simu zote za harusi ile nilizipitia, nikawaomba watu wa Houston na wa Fort Worth wanitumie walichorekodi. Video zilikuwa nyingi. Zote zilikuwa vigelegele. Kwenye moja unaona kilemba cha mtu, kwenye nyingine unaona mkono wa MC, kwenye moja unamwona mzee vizuri kabisa, mdomo wazi, na sauti inayotoka ni ya dada yangu. Nilijaribu kusikiliza kwa earphone za simu, nikiongeza, nikipunguza. Hakuna kitu. Nikampigia mzee, binti yake akasema hapokei simu, na kwamba tangu harusi hajafungua piano, na, kama nataka kujua, nyumba imekuwa tulivu sana.

Watu huniambia nisamehe. Nimsamehe nani? Dada yangu alifanya alichofundishwa na mama yetu, na mimi nilifanya alichonifundisha mama huyohuyo. Mzee hakukosea kuomba kimya, na hakukosea kutoniamini. Ningepata hata mmoja wa kumlaumu ningelala vizuri. Wakati mwingine namlaumu yule nyota mwenye teksi na sindano yake, ambaye bila shaka alishakufa zamani, akiwa amejaa makofi.

Ukaja mwaka wa 2020 na ule ugonjwa. Wakati huo nilikuwa namlea bibi mmoja karibu na kwangu, na barakoa, na hofu ya kumpelekea kifo kwa mikono yangu mwenyewe. Niliambiwa na mlezi mwenzangu kwamba mzee wa Katy amelazwa, na baada ya siku chache kwamba amefariki. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Wala sikuona mazishi. Nilisali peke yangu, nikashindwa kuimba.

Wiki kadhaa baadaye simu ikaita. Alikuwa binti yake. Sauti yake ilikuwa imepungua, haikuwa ya kuamrisha tena. Alisema anapanga vitu vya baba, na kuna swali moja analotaka kuniuliza kwa sababu yeye hakuwepo, na angepaswa kuwepo, na sasa analia kila akipita sebuleni. Siku ile kwenye harusi, je, baba alifika?

Nilikaa kitandani. Nilichagua maneno kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Sikusema vizuri sana. Nilimwambia ndiyo, alifika, noti ilikuwa safi, ilikaa, nilikuwa nimemshika mgongo.

Alinyamaza kidogo.

"Baba aliniambia ungesema hivyo," akasema, bila ubaya wowote, akanishukuru kwa muda wangu, akakata simu.